Kaske Mbili na Njia ya Kibombo

Mwanangu alishuka kwenye ndege kutoka Lubumbashi akiwa na masanduku mawili, moja kwapani huku, jingine kwapani kule, na ndani yake hamkuwa na hata kipande kimoja cha kitenge kwa ajili ya mama yake. Nilimwambia palepale uwanjani kwamba nimekwisha kuona anavyonipenda. Akacheka, akasema mzigo ni wa papa, baba yake. Katika kila sanduku mlikuwa na kaske moja, ile kofia nzito ya kufunika macho yenye vioo viwili ndani, ambayo ukiivaa unajiona umeketi ndani ya gari kabisa, barabara iko mbele yako, na ukigeuza shingo unaona mlango na kioo cha pembeni. Moja ilitoka dukani, ya pili aliazima kwa rafiki aliyekuwa akiiuza. Baba yake avae zote mbili, achague moja, ile nyingine irudi Lubumbashi.

Nieleze kwanza imekuwaje nyumba ya mzee wa Kindu, mwenye goti bovu na rozari ya kuhesabia dhikiri, ikaingiwa na mambo ya mashindano ya magari.

Mume wangu alikuwa dereva wa kamyo, lori la mizigo. Alinioa akiwa dereva, na kwa kweli nilimpendea kazi ile, maana dereva alikuwa mtu wa chumvi na habari, akirudi mtaa mzima unajua. Goti lake la kushoto liliharibika wakati wa vita, na mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi, kwa hiyo hakuendesha tena. Vita vilipokwisha tajiri wake akampa kazi ya kulinda depo. Hata hiyo akaiacha. Akawa mtu wa kukaa. Nilikuwa na mume kitini kama vile mwenzangu ana kabati, na nilimwambia hivyo, na zaidi ya mara moja.

Mwanetu anafanya kazi ya kompyuta huko Lubumbashi, na siku za mapumziko yeye na wenzake hushindana magari ndani ya kompyuta. Likizo moja akaja na kompyuta yake ya zamani, usukani na pedali. Fundi seremala akatutengenezea fremu ya mbao, na kiti tulikitoa kwenye jipu lililokufa karakana moja hapa mjini. Gia ziko kwenye usukani wenyewe, unazibonyeza kwa vidole, na kuna pedali ya mafuta na ya breki tu, zote kazi ya mguu wa kulia. Goti halikuwa na la kusema. Mume wangu alikitazama kile kitu asubuhi nzima bila kukigusa. Kisha akaketi, akasema bismillahi, akasogeza kiti, akatafuta kioo cha kutazamia nyuma mahali ambapo hakipo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na mimi nilikuwa nimeacha kuwaamini. Yule mtu alirudi kuwa hai. Alikuwa akisubiri jua lipande, maana kompyuta ile inakula moto mwingi wa umeme na sahani zetu za jua hazishibi kabla ya mchana, kisha anaketi na kuendesha. Aliendesha kama dereva wa Maniema. Kabla ya kila kona alipiga honi, asije akakutana na baiskeli iliyobeba mafuta ya mawese. Akifika darajani alisimama. Kwetu hakuna dereva mwenye akili anayepanda daraja la magogo bila kushuka kulitazama, na yeye hakuona kwa nini mashindano yabadilishe adabu. Magari mengine yote yanampita, saa inakwenda, yeye amesimama anachungulia. Mwanangu alimwambia kwa simu kwamba yale ni madaraja ya beto, zege tupu, ya Ulaya. Akamjibu kwamba hata beto alishaiona ikianguka.

Katika mchezo ule kuna sauti ya mtu anayeketi kando ya dereva na kumsomea njia, kona hii kali, mbele kuna shimo. Siku ya kwanza tu mume wangu aliomba sauti hiyo ifungwe. Mwanangu alidhani makelele yanamsumbua mzee. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza.

Shida ilikuwa skrini. Dereva hatazami mbele tu, anatazama ndani ya kona, kule anakokwenda. Mume wangu alipoingia kona alikuwa akigeuza shingo, na mbele ya macho yake palikuwa na pazia la sebule yangu. Hapo ndipo mwanangu alipoanza habari za kaske, na miezi kadhaa simu yetu haikuwa na mazungumzo mengine. Yenye waya ao isiyo na waya. Isiyo na waya inataka intaneti kila mara, na ya kwetu unaijua mwenyewe. Yenye waya inategemea kompyuta, lakini picha yake haikatiki. Uzito wake unaangukia pua ao utosi. Nafasi ya miwani. Joto, kwa sababu Kindu mtu anatoka jasho hata akiwa amekaa, na vioo vitapata ukungu. Nilisikiliza nikiwa napeta mchele, nikawaambia mchagua jembe siyo mkulima, na kwamba mimi mwenyewe niliposwa kwa maswali machache kuliko hayo. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu vita.

Sasa lazima niseme ya vita, maana bila hayo hutaelewa kilichotokea sebuleni.

Miaka ile mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja. Wenye bunduki walikuwa mjini, na wenye bunduki wengine walikuwa msituni wakiuzunguka mji, na sisi katikati tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Tajiri wa mume wangu alikuwa na kamyo moja iliyobaki, na ilikuwa inakwenda Kibombo kuchukua mpunga kila ilipopata ruhusa ya hawa na wale. Mume wangu aliendesha, na kando yake alikaa mekanisiye wake, fundi wa gari, mtu mzima, rika lake, mwana wa mama mmoja mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyetoka Kasai na kukaa nyuma ya gare, stesheni ya treni. Wawili hao walikuwa kama chungu na kifuniko. Mekanisiye ndiye aliyekuwa akisoma njia kwa mdomo, shimo kushoto, utelezi, ngoja, sasa. Alikuwa anaongea mno. Kamyo ile aliijua kuliko mkewe, na mkewe alikuwa akisema hivyo mwenyewe.

Siku moja walitoka kwenda Kibombo na mume wangu akarudi peke yake, kwa miguu, goti limevimba kama papai. Aliniambia kwamba walisimamishwa njiani. Wale watu walitaka kamyo, na walikuwa na dereva wao. Wakawafunga macho kwa vitambaa, dereva na mekanisiye, wakawaketisha nyuma juu ya magunia, wakaondoka nao. Mahali fulani kamyo ilisimama, mekanisiye akashushwa, ukasikika mlio mmoja wa bunduki. Mbele zaidi akashushwa yeye, akapigwa goti kwa kitako cha bunduki, akaachwa. Kamyo haikuonekana tena.

Mama wa mekanisiye alikuja kwetu asubuhi iliyofuata. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, mwanangu yuko wapi, nikamfukie. Mume wangu akamjibu kwamba alikuwa amefungwa macho, hakuona. Mama akashukuru, akaondoka. Alikuja tena mwezi uliofuata, na tena. Vita vilipokwisha na njia ikafunguka alikuja na ndugu zake wawili, wakamwomba mume wangu awasindikize tu, labda atakumbuka. Akasema mtu hawezi kukumbuka asichokiona. Baada ya hapo hakuja tena kwetu, lakini mimi nilikuwa nakutana naye sokoni, maana alianza kwenda Kibombo mwenyewe, kwa baiskeli za watu na baadaye kwa pikipiki, kununua mchele na kuuza hapa. Kila tulipoonana alinisalimia, akaniuliza hali ya mzee, kisha akanitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Nilijua anangoja nini. Nami nilikuwa nasema moyoni, mama, ningekuwa nacho ningekupa.

Yote hayo mwanangu hakuyajua. Wakati ule alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na baba yake alikataza yasizungumzwe nyumbani. Alijua papa aliumia vitani, basi, kama alivyoumia nusu ya mji.

Basi siku ya pili baada ya kufika, jua limepanda vizuri, akafungua sanduku la kwanza. Kaske ya dukani. Nzuri, nyeusi, inang'aa, na alikuwa akiisifu kama mchuuzi. Picha safi hata unasoma namba za gari la mbele. Na ubora wake mkubwa, alisema, inaziba kila upande, hakuna tundu hata la sindano la kuingiza mwanga, ukishaivaa dunia ya nje imekwisha. Mkanda wake unakazwa nyuma ya kichwa. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha jipu, mikono kwenye usukani, anatabasamu. Mwanangu akasimama nyuma yake, akamshushia ile kaske usoni, na ndani bado kulikuwa giza kwa sababu mchezo haujafunguka.

"Papa, usitikisike," alisema. "Nafunga nyuma."

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia kauli ile na nikajua kabla ya jambo kutokea, lakini kujua hakukunipa miguu. Mume wangu hakupiga kelele. Mikono yake iliruka kutoka kwenye usukani, ikaing'oa kaske, akainuka kwa goti lile lile asiloweza kuinukia, akageuka na kumpiga mwanawe usoni kwa nguvu zake zote. Akampiga tena. Kaske ikaning'inia kwenye waya wake, inapiga mguu wa kiti. Mwanangu alikuwa ameshika mdomo na damu inapita vidoleni. Baba yake alikuwa hajapata kumpiga hata siku moja, hata utotoni, hata alipostahili.

Mume wangu alimtazama kana kwamba hajui ni mtoto wa nani. Kisha akajua, na uso wake sitausahau. Akaenda chumbani akafunga mlango.

Nilimpeleka mwanangu jikoni nikamwosha. Hasira ilikuwa inaanza kuja. Aliniuliza amefanya nini. Akasema amekula miezi akitafuta kitu cha kumfurahisha yule mzee, na malipo njo haya, na kesho anapanda ndege. Mimi nami nina moto wangu. Nilimwambia akae chini, nikavunja amri ya mume wangu, nikamwambia kila kitu nilichokuwa nakijua, vitambaa, mikono ya watu nyuma ya kichwa, magunia, mlio wa bunduki, na yule mama anayeuza mchele sokoni ambaye yeye mwenyewe humnunulia mandazi akija likizo.

Alikandamiza kitambaa cha maji mdomoni.

"Mama," alisema, "nyinyi mulikuwa munaniona nachagua kintu cha kumufunga macho, miezi yote hii, na munanyamaza?"

Kweli ya Mungu sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimesikia joto na uzito na waya, na sikuona kwamba kaske ni kitambaa. Mume wangu mwenyewe hakuona. Mambo yaliyozikwa hivyo hayatumi habari kwamba yanakuja.

Hakupanda ndege kesho yake. Siku mbili baba na mwana walikula sahani mbalimbali, kila mmoja akinipa mimi salamu za mwenzake, na mimi nikachoka kuwa posta. Siku ya tatu mwanangu akafungua sanduku la pili. Kaske hii alikuwa ameileta ya kulinganishia tu, na alikuwa ameidharau toka mwanzo. Ya zamani, picha yake ina chengachenga, rangi zimefifia, na haikai usoni hata kidogo. Inakaa kichwani kama kofia ya kawaida, pete ngumu kuzunguka paji la uso, na sehemu ya vioo inaning'inia mbele kwa bawaba, unaweza kuipandisha juu na kuishusha kwa kidole kimoja. Na chini, kandokando ya pua, iko wazi. Mvaaji akishusha macho anaona mapaja yake, anaona mikono yake, anaona sakafu. Wenye kujua mashindano, alinieleza, wengine wanailaumu kwa uwazi ule, na wengine wanaitafuta kwa ajili ya uwazi uleule.

Aliiweka juu ya kiti cha jipu, akafungua mchezo mpaka barabara ikaonekana ndani ya vioo, akaenda kukaa mbali, ukutani, karibu na dirisha. Hakumwita mtu. Niliona amepata akili za kwetu, nikafurahi.

Mume wangu alitoka chumbani karibu na adhuhuri. Aliona kaske, akamwona mwanawe ukutani na ule mdomo uliovimba. Alisimama. Halafu akaenda akaketi, akaichukua mwenyewe, akaigeuza pande zote, akachungulia ndani kama anachungulia sufuria. Akaivaa mwenyewe. Akaishusha, akaipandisha, akaishusha. Nilihesabu pumzi zake kwa masikio. Akasema bismillahi na kuondoka.

Aliendesha vizuri, nilikuwa naona kwenye skrini. Aligeuza shingo ndani ya kona na safari hii hakukuta pazia. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu katikati ya miti, sijui ni nchi gani, lakini ungeweza kusema ni kwetu. Akapita kona moja, nyingine, mteremko. Kisha niliona jasho linamtoka shingoni na rangi yake inageuka. Akakanyaga breki, akapandisha vioo juu ya paji la uso, akainama. Nikakimbilia beseni. Mwanangu akasema polepole kutoka ukutani kwamba ni kawaida, watu wengi kaske inawatapisha mwanzoni, macho yanasema tunakwenda na mwili unasema tumekaa.

Mume wangu alitema mate kwenye beseni, akabaki ameinama.

"Siku ile ilikuwa kinyume," alisema. "Mwili ulikuwa unaenda, macho imebaki. Lakini mwili ulikuwa unajua njia."

Akaendelea kuzungumza akitazama sakafu, na alikuwa anazungumza na mwanawe, siyo na mimi. Alisema kwamba yule dereva wao hakujua kuendesha. Alikuwa anasaga gia ya tatu kila alipoitafuta, na kamyo inalia. Mekanisiye, macho yamefungwa, mikono imefungwa, hakuweza kuvumilia. Alianza kumfokea kutoka nyuma. Kanyaga mpaka chini, anamwambia, unaiua, unaiua hiyo bwati ya vitesi, yaani sanduku la gia. Mume wangu alimkanyaga mguu anyamaze. Akanyamaza kidogo. Gia ikalia tena, naye akafoka tena. Ndipo kamyo iliposimama na yeye akashushwa.

Watu mtaani walikuwa na msemo wao juu ya mekanisiye, mdomo uliponza kichwa, na nilikuwa nawachukia wakiusema bila kujua lolote. Siku ile niliujua ukweli wake na nikauchukia zaidi.

"Nilijua fasi, mahali penyewe," mume wangu alisema. "Kila shimo nilikuwa nalijua na matako. Tulipita daraja ya magogo, tukapanda, tukafika pale njia inainama na muzigo yote inakuegemea. Pale njo walisimama. Hata sasa ukinipeleka nitakuonyesha."

Mwanangu alinitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la matapishi mkononi, na nilitamani kulimwaga kichwani mwa mume wangu. Nisikudanganye, sikusikia huruma kwanza. Nilimwona yule mama mbele ya kibanda chake cha mchele, miaka na miaka, akiniuliza hali ya mzee.

Nilimwuliza ni mara ngapi amesema hakuona. Akasema hakuona kweli, na hakuna aliyemwuliza kama alijua. Hapo nilipandisha sauti, majirani nao wasikie kama wanataka. Nilimwambia huo ni ujanja wa watoto, yule ni mama, hakutaka kuulizwa maswali kama mbele ya jaji, alitaka kufukia mfupa wake. Mume wangu hakujitetea sana. Alisema wakati ule mtu aliyejua mahali aliulizwa amejuaje, na ukishindwa kujibu wanasema ulikuwa na wao. Hilo ni kweli, niliishi miaka ile, nilijua waliokufa kwa kujua. Lakini vita vilikwisha. Akasema vilipokwisha alikuwa ameshasema uongo mara nyingi, na kila mara mama alipokuja alikuwa anaona uongo umekua mkubwa kuliko yeye.

"Na ningemwambia fasi, angeniuliza mutoto alisema nini," alisema. "Ningemwambia nini? Mutoto wako alikufa sababu ya vitesi?"

Mwanangu alitoka ukutani, akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha jipu. Hakumwambia baba yake amemsamehe, na baba yake hakuomba. Alimvua ile kaske taratibu, kutoka mbele, wote wawili wakitazamana, akaiweka mezani. Akamwuliza kama goti litafika mpaka gare ao atafute pikipiki.

Tulikwenda kwa miguu siku ileile alasiri, kwa sababu mimi nilikataa habari ile ilale. Niliona akichelewa siku moja atachelewa miaka mingine. Mume wangu alitutangulia, fimbo mkononi. Mimi hasira ilikuwa imepoa ikaacha hofu. Yule mama angeweza kumfukuza. Angeweza kumlaani mbele ya mwanawe, na laana ya mama aliyengoja hivyo siyo ya kuchezea, awe Mkristo ao Mwislamu. Angeweza kuita ndugu zake. Kila moja kati ya hayo lingekuwa haki yake.

Tulimkuta uani kwake, kwenye kigoda, anachagua mawe kwenye mchele. Amezeeka, macho yake hayaoni vizuri, mawe anayatafuta kwa vidole. Alitusalimia kila mmoja, akatuma mjukuu atuletee viti. Mume wangu hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kama mtu anayetoa ripoti, mahali kwanza, kisha gia, kisha maneno ya mwisho ya mekanisiye kama alivyoyasikia, na kwamba alimkanyaga mguu anyamaze na hakunyamaza. Mwisho akasema kwamba alijua tangu siku ya kwanza, na kwamba alimficha.

Mama alikuwa ameacha kuchagua mawe. Vidole vyake vilibaki ndani ya mchele. Aliposikia habari za gia alitingisha kichwa kidogo, na sikujua kama ni kulia ao kucheka, akasema huyo ni yeye, huyo njo mutoto wangu. Mwanangu alikuwa anatazama miguu yake. Nilikuwa nangoja laana.

"Upande gani?" aliuliza.

Mume wangu hakuelewa.

"Naenda Kibombo miaka yote hii," alisema mama. "Sijui iko fasi gani, basi njia yote nasali. Upande moja, nageuka, upande wa pili. Nageuka tena. Watu wa pikipiki wanasema, mama, unatutikisa, utatuangusha. Uniambie tu ni upande gani."

Mume wangu alifumba macho. Alisimama vile katikati ya ua, fimbo mkononi, na niliona mwili wake unaegemea polepole, kama mtu aliyeketi juu ya mzigo na mzigo unahama. Mkono mmoja ukainuka wenyewe.

"Kushoto," alisema. "Ukitoka Kindu, ni kushoto."

Mama alirudia neno lile kimya, midomo tu. Akageuza uso wake upande huo, palipokuwa na ukuta wa jiko la jirani, akautazama kwa macho yake yasiyoona vizuri.

"Mimi nilikuwa naanzia kuume," alisema, na hapo ndipo alipolia.